Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza Kuchora Ramani kwa Kompyuta

Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchora ramani za majengo kwa programu ya AutoCAD, hapa Dar es Salaam. Kila muhula mpya, mkono wa kwanza kunyooshwa hauulizi habari za ukuta wala ngazi. Unauliza: "Mwalimu, faili langu liko wapi?" Basi nimekaa nikayaandika maswali yanayojirudia, kwa lugha yao wenyewe, pamoja na majibu niliyochoka kuyarudia ubaoni. Maelezo ni ya AutoCAD kwenye Windows, kwa kuwa ndiyo tunayotumia darasani. Anayetumia LibreCAD, programu nyingine ya kuchora, naye atapata chake, ila majina ya amri yatatofautiana hapa na pale.

Sijawahi kumiliki kompyuta, nimezoea simu tu. Nitawaweza wenzangu?

Utawaweza. Mambo ya kompyuta unayohitaji ili uchore ni machache: kubofya kushoto na kulia, kuzungusha gurudumu la mausi, kuunda folda, kunakili faili kutoka folda moja kwenda nyingine, kulibadilisha jina, na kuzima mashine kwa utaratibu badala ya kuchomoa waya. Yafanyie mazoezi wiki mbili za mwanzo, mkono utazoea wenyewe.

Kinachowasumbua waliokulia kwenye simu ni kitu kimoja. Kwenye simu picha iko "kwenye galari", imekwisha. Huulizi inalala wapi. Kwenye kompyuta kila faili lina anwani kama nyumba ya mtu: diski, kisha folda, kisha folda iliyo ndani ya folda, mwisho jina. Usipoijua anwani huna faili, hata kama jana uliliona kwa macho yako. Shika kitufe cha Windows ubonyeze E, dirisha la mafaili litafunguka. Juu yake kuna mstari mrefu unaoonyesha uko wapi. Jizoeze kuusoma mstari huo kila unapofungua na kila unapohifadhi.

Mwalimu, faili langu limepotea na jana nilisevu kabisa!

Najua ulisevu. Swali ni wapi. Mara nyingi ni moja ya haya matatu.

La kwanza, ulihifadhi kwenye uso wa kompyuta namba 14 na leo umekaa namba 6. Hizo ni mashine mbili tofauti. Na maabara nyingine zimewekewa programu inayofuta kila kitu kompyuta ikizimwa, kwa hiyo hata ukirudi namba 14 hutakuta kitu.

La pili, ulitumiwa faili kwa barua pepe au WhatsApp ukalifungua hapo hapo bila kulipakua kwanza, au ulilifungua likiwa bado ndani ya zipu. Windows huliweka faili la namna hiyo kwenye folda ya muda. Unachora saa mbili, unabonyeza Ctrl na S, unajisikia salama, kumbe kazi imeenda shimoni. Pakua kwanza, weka kwenye folda yako, halafu ndipo ufungue.

La tatu, hukulipa jina. Linaitwa Drawing1.dwg, na kwenye folda ile kuna Drawing1 za watu wanane. Jina liseme zoezi, kitu na toleo: zoezi04_choo_02.dwg. Ukirekebisha sana, hifadhi kama 03 na uiache 02 ilivyo. "Mwisho_kabisa_sasa_kweli.dwg" tumecheka nayo vya kutosha.

Kulitafuta, fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye kisanduku cha kutafutia kulia juu, andika *.dwg, kisha panga kwa tarehe.

Kuna mafaili mawili yenye jina moja. Nifute lipi?

Usifute kwanza. Windows ikiwa haijabadilishwa huficha herufi za mwisho za jina, na kwa mchoraji hizo ndizo zenye habari. Kwenye dirisha la mafaili nenda View, washa File name extensions. Sasa utaona kwamba mmoja ni dwg, yaani mchoro wenyewe, na mwingine ni bak, yaani mchoro ulivyokuwa kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho. Siku dwg ikiharibika, badilisha jina la bak liishie kwa dwg, utalifungua kama kawaida. Utakutana na wengine: dwt ni kiolezo, sv$ ni nakala ya kujihifadhi yenyewe, ctb ni mpangilio wa rangi na unene wa mistari wakati wa kuprinti. Zile dwl zinazojitokeza na kutoweka ni alama tu kwamba mchoro uko wazi mahali fulani.

Umeme umekatika nikiwa sijasevu. Ndiyo basi?

Si lazima. AutoCAD hujiwekea nakala yenyewe kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa. Andika SAVETIME kwenye mstari wa amri ulio chini ya skrini kuona idadi ya dakika; mimi huweka 5, maana hapa kwetu umeme hauagi. Ukiwasha tena programu, andika DRAWINGRECOVERY, itakuonyesha orodha ya kilichookolewa. Ikigoma, andika SAVEFILEPATH ujue nakala hizo zinawekwa folda gani, zifuate huko, chukua ile ya sv$ yenye saa ya karibuni, inakili kwenye folda yako na kubadilisha mwisho wake uwe dwg.

Angalizo: ukifunga mchoro kwa kawaida, nakala hiyo hufutwa. Aliyejibu "No" alipoulizwa kama ahifadhi, huyo hakukatikiwa umeme, alijikatia mwenyewe. Dawa ya kudumu ni mkono wa kushoto kugusa Ctrl na S kila unapomaliza chumba.

Ninunue laptopu ya aina gani?

Usinunue kwa kuangalia stika. Angalia mambo haya: Windows ya biti 64, RAM isiyopungua GB 8 na ikiwezekana 16, diski ya SSD, na skrini ya 1920 kwa 1080, kwa sababu kwenye skrini ndogo vitufe vitakula nafasi ya mchoro. RAM ya GB 4 itafungua programu, kisha utaisubiri kama daladala ya saa mbili usiku. Kwenye Mac AutoCAD ipo, lakini sura na baadhi ya amri si zile tunazofundisha. Chromebook iache.

Nunua na mausi yenye gurudumu siku hiyo hiyo. Kuchora ramani kwa kugusagusa kile kibao cha laptopu ni kujitesa bure.

Ukiwa Kariakoo kwenye laptopu zilizotumika Ulaya, tazama kibodi kabla ya kutoa hela. Ile ya Kijerumani ina Z pale unapotegemea Y. Ile ya Kifaransa namba zake hazitoki mpaka ushike Shift, na mchoraji anaandika namba kutwa nzima.

Programu ni ghali. Niichukue iliyochakachuliwa kwa rafiki?

Hapana, na sababu si maadili peke yake. Autodesk, wenye AutoCAD, humpa mwanafunzi leseni ya masomo bure kwa mwaka mmoja, nayo huhuishwa ukiwa bado unasoma. Utahitaji kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi, kwa hiyo weka tayari kitambulisho au barua ya chuo. Leseni hiyo ni ya kujifunzia. Kazi ya mteja anayekulipa haimo. Anayetaka kitu chepesi kisicho na leseni ya kulipia apakue LibreCAD: inachora kwa pande mbili tu, inahifadhi kwa DXF, aina nyingine ya faili la mchoro, na kompyuta ya zamani inaibeba.

Programu iliyochakachuliwa huja na wageni. Mwaka 2012 kampuni ya usalama ya ESET ilitangaza kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP, lugha ya ndani ya AutoCAD yenyewe. Kilienea zaidi Peru, na kazi yake ilikuwa kuichukua michoro ya watu na kuituma kwenye barua pepe zilizoko China. Sasa fikiria unamwomba mtu akuvunjie ulinzi wa programu hiyo hiyo.

Nikibonyeza alama ya @ inatoka alama ya mtajo. Kibodi ni mbovu?

Kibodi ni nzima, Windows ndiyo inayoifikiria ya nchi nyingine. Kwenye mpangilio wa Marekani @ iko juu ya namba 2. Kwenye mpangilio wa Uingereza iko karibu na Enter, na juu ya 2 ipo alama ya mtajo. Shika kitufe cha Windows ubonyeze kitufe cha nafasi, mpangilio utahama kwenda mwingine uliosakinishwa.

Alama hii ndogo tunaihitaji sana. Ukiandika @5000,3000 unaiambia programu: kutoka hapa nilipo, nenda 5000 kulia na 3000 juu. Ukiandika @4000<45 unasema: nenda 4000 kwa pembe ya nyuzi 45. Mkato unatenganisha namba mbili na nukta ni ya desimali. Aliyeandika 3,5 akitaka mita tatu na nusu amepata kitu kingine kabisa, na anashangaa mstari umeenda wapi.

Kwa nini tunaandika amri wakati vitufe vipo juu?

Kwa sababu mkono mmoja ungekaa bure. AutoCAD ilitoka Desemba 1982, enzi ambazo kompyuta ndogo nyingi hazikuwa hata na mausi, na ule mstari wa amri pale chini umebaki tangu huko. Umebaki kwa kuwa una kasi. Kulia unashika mausi, kushoto unaandika L kwa mstari, O kwa kunakili mstari kwa umbali fulani, TR kwa kukata, M kwa kuhamisha, kisha unapiga nafasi. Kitufe cha nafasi hufanya kazi ya Enter, na ukikipiga tena bila kuandika kitu kinarudia amri ya mwisho. Esc inakutoa popote ulipokwama.

Jambo moja nasisitiza mpaka sauti inakauka: soma mstari ule. Programu inakuambia inasubiri nini. Wanafunzi wanabofya mara kumi wakilalamika kwamba "imegoma", kumbe imeandika wazi kabisa kwamba inataka wachague kitu kwanza.

F3, F8, F10... nizikumbuke zote?

Anza na mbili. F8 hulazimisha mstari uende wima au mlalo ulionyooka. F3 huwasha na kuzima kunasa, yaani kielekezi kuvutwa hadi kwenye ncha, katikati au makutano ya mistari. F10 na F11 zitakuja zenyewe. Kwenye laptopu nyingi vitufe hivyo vimekabidhiwa sauti na mwanga, kwa hiyo shika Fn pamoja navyo.

Muhula fulani mwanafunzi aliniletea nyumba ya vyumba vitatu ambayo sebule yake ilikataa kujazwa vigae. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Tulisogea kwenye kona ya kaskazini, tukakuza, tukakuza tena, tukakuta mistari miwili iliyotakiwa kukutana imeachana milimita 3. Alikuwa amechora kwa kukadiria, F3 ikiwa imezimwa. Tukaanza kuzikagua kona nyingine: kumi na moja zilikuwa hivyo hivyo. Alichora upya, ikamchukua saa moja na nusu, na tangu hapo ndiye anayewakumbusha wenzake.

Lakini usiwashe kunasa kwa kila kitu. Bofya kulia kwenye alama yake chini ya skrini, chagua ncha, katikati, makutano, kitovu na pembe mraba. Ukiwasha zote, kielekezi kitanasa kitu usichokitaka na hutajua.

Mausi yangu inafanya vituko.

Zungusha gurudumu, unakuza au kupunguza. Libonyeze ukilishikilia, unasogeza karatasi. Libonyeze mara mbili haraka, mchoro wote unarudi machoni, na hii ndiyo tiba ya "mchoro wangu umetoweka". Kama ukibonyeza gurudumu inatokea orodha badala ya kusogeza, mtu amechezea: andika MBUTTONPAN na uweke 1.

Kuchagua nako kuna siri yake. Ukifungua kisanduku kutoka kushoto kwenda kulia kinakuwa cha bluu na kinachukua tu vilivyomo ndani vizima. Kutoka kulia kwenda kushoto kinakuwa cha kijani na kinachukua chochote kilichoguswa. Ukilijua hili umeokoa nusu ya maisha yako ya kufuta vitu ambavyo hukukusudia.

Ukuta wa mita tatu niandike 3 au 3000?

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo kaa vizuri.

AutoCAD haijui mita wala futi. Inajua namba tu. Wewe ndiye unayeamua kwamba moja ni nini, kisha usibadilike mpaka mwisho wa kazi. Kwenye ramani za majengo tunachora kwa milimita: mita tatu ni 3000, tofali la inchi 6 ni 150, mlango wa sentimita 90 ni 900. Unachora kwa ukubwa halisi wa kitu, moja kwa moja. Skeli inakuja baadaye, wakati wa karatasi. Waliozoea kuchora kwa mkono hufika na tabia ya kugawanya kwa 100 kichwani kabla ya kuchora mstari. Iacheni mlangoni.

Sasa ukianza mchoro mpya, unapewa kuchagua kiolezo. Acad.dwt kimetengenezwa kwa inchi, acadiso.dwt kwa vipimo vya metriki. Aliyechukua cha kwanza akachora kwa milimita ataona mambo mawili: maandishi ya vipimo ni madogo kama mchwa, na michoro ya kujazia, kama ile ya matofali, inabana mpaka inaonekana bonge jeusi. Na atakapoleta kitanda au sinki kutoka faili jingine, huenda kikaja kikubwa au kidogo mara 25.4, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4. Andika UNITS, tazama sehemu ya vipimo vya kuingiza, weka milimita. Hilo halibadilishi ukubwa wa ulichokwisha kuchora. Ulichochora kwa mita utakikuza kwa amri ya SCALE, mara 1000.

Maandishi nayo: tunataka yaonekane na urefu wa milimita 2.5 juu ya karatasi. Ukiyaandika ndani ya mchoro utakaoprintiwa kwa 1:100, zidisha, yaani 250.

Kiolezo ni nini, na kwa nini unakisemea kila siku?

Kwa sababu ndicho kitu pekee cha "kwako" utakachoondoka nacho maabara. Kompyuta si yako, kiti si chako, mipangilio ya skrini itafutwa kesho. Kiolezo ni mchoro mtupu uliokwisha kupangwa: vipimo ni milimita, leya (tabaka za kutenganisha vitu vya mchoro) zimeundwa, mtindo wa maandishi na wa vipimo upo, karatasi ya A3 ina fremu na kisanduku cha jina lako. Ukikifungua unaanza kuchora nyumba badala ya kupoteza nusu saa ukipanga.

Tengeneza hivi. Anza na acadiso.dwt. Andika LA, unda leya za UKUTA, MLANGO, DIRISHA, SAMANI, VIPIMO, MAANDISHI. Kila moja rangi yake na unene wake. Mimi huupa ukuta uliokatwa 0.50 na vipimo 0.18, ili mwenye kusoma ramani aone kwanza ukuta. Leya 0 iache tupu. Leya iitwayo Defpoints haiprintiwi kamwe, kwa hiyo usichoree kitu humo. Kuna aliyechora ngazi nzima hapo, akaenda steshenari na kurudi na nyumba ya ghorofa isiyo na ngazi. Rangi na unene wa kila kitu uache kwenye ByLayer, ili ukibadilisha leya mara moja kila kilichomo kifuate.

Kisha Save As, chagua aina ya dwt. Hapa kuna mtego: ukishachagua dwt tu, programu inarukia folda yake yenyewe iliyofichwa ndani ya kompyuta. Mwanafunzi anabonyeza Save kwa furaha, kesho kwenye mashine nyingine kiolezo hakipo. Kielekeze kwenye flashi yako. Nyumbani, kwenye laptopu yako, andika OP, nenda Files, tafuta sehemu ya violezo, na pale penye QNEW weka kiolezo chako. Kila mchoro mpya utaanzia hapo.

Nataka kubadilisha rangi ya skrini na ule msalaba.

Badilisha, haiumizi mtu. OP, kisha Display, kisha Colors. Mandhari nyeusi hupumzisha macho. Nyeupe inafaa darasani kwa projekta. Ukubwa wa msalaba, yaani kielekezi cha kuchorea, ni CURSORSIZE: 5 ni wa kawaida, 100 unafika kingo zote za skrini, na wengine hupenda hivyo kwa kupanga kuta zilingane.

Vitufe vyote vya juu vimetoweka!

Aliyekaa hapo kabla yako alibonyeza kitu. Andika RIBBON, vinarudi. Mstari wa amri ukipotea, Ctrl na 9. Ikiwa skrini yote imekuwa tupu, Ctrl na 0. Ukitaka menyu za zamani zenye maneno juu, MENUBAR na 1. Ukiandika OPEN na badala ya dirisha la mafaili unaulizwa jina kwenye mstari wa amri, andika FILEDIA uweke 1. Hii ya mwisho huwatoa watu jasho, na tiba yake ni sekunde tano.

Naweza kujitungia amri fupi zangu?

Unaweza. Zimo kwenye faili la maandishi liitwalo acad.pgp, kila mstari ukiwa na kifupi, mkato, nyota na jina kamili la amri, mfano L, *LINE. Unahariri, unahifadhi, unaandika REINIT ili lisomwe upya.

Ila nakushauri usifanye hivyo mwaka wa kwanza. Mmoja aliifanya C iwe kunakili, kwa kuwa "kopi" inaanza na C. Nyumbani mambo yalikuwa matamu. Siku ya mtihani wa vitendo, kwenye kompyuta ya chuo, kila alipotaka kunakili dirisha alichora duara. Kwanza zizoee zilizopo. Utakalia mashine za watu wengi kabla hujapata ofisi yako. Ukifika mwaka wa pili na bado unajikuta unaandika amri ile ile ndefu mara hamsini kwa siku, hapo sawa.

Mipangilio mingine ya kwako, kama rangi na njia za folda, huhifadhiwa kwenye wasifu: OP, kisha Profiles, kisha Export, unapata faili la arg la kubeba. Kwenye mashine ya chuo usiufanye wasifu wako kuwa wa kila mtu.

Mwenzangu hawezi kufungua mchoro wangu.

Toleo lako ni jipya kuliko lake. Mchoro wa dwg una umbo linalobadilika kila baada ya miaka kadhaa. Ukitaka kuliona kwa macho, burura nakala ya faili kwenye Notepad: herufi sita za mwanzo zinasema yote. AC1032 ni umbo la 2018, AC1027 la 2013, AC1024 la 2010. Zilizobaki zitaonekana kama uchawi. Funga bila kuhifadhi. Mtengenezee nakala kwa Save As, chagua umbo la zamani kama 2010.

Kama limefunguka lakini maandishi yamekuwa alama za kuuliza, hana fonti uliyotumia. Andika ETRANSMIT, programu itakufungia mchoro, fonti na vyote vinavyotegemewa katika zipu moja.

Steshenari walinitolea ramani yenye rangi rangi, na imekatwa pembeni.

Usiwapelekee dwg, wapelekee PDF. Chagua printa ya DWG To PDF, karatasi, mpangilio wa monochrome.ctb ili kila mstari uwe mweusi, kisha angalia kwa Preview kabla ya kutoa hela. Waambie waprinti kwa ukubwa halisi, wasi"fitishe" kwenye karatasi, la sivyo skeli yako imekufa.

Hesabu karatasi mapema. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kwa 1:100 ni milimita 200 kwa 200. A4 ina upana wa 210, na printa nayo inataka ukingo wake. Fremu na kisanduku cha jina vitakaa wapi? Nenda A3, ambayo ni 297 kwa 420, au ushuke 1:200.

Mistari ya vipande ikionekana kama imeungana, ni LTSCALE. Jaribu kuipandisha.

Kompyuta inakwama nikifungua mchoro mkubwa.

PURGE huondoa vitu visivyotumika, AUDIT hurekebisha hitilafu, OVERKILL hufuta mistari iliyolaliana. Kama skrini inacheza au mistari inabaki kivuli, andika GRAPHICSCONFIG uzime uharakishaji wa kadi ya picha. Na funga ile YouTube.

Folda zangu zote kwenye flashi zimegeuka njia za mkato.

Kirusi. Kazi yako mara nyingi ipo, imefichwa tu. Usibofye njia hizo za mkato. Pima flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kisha kwenye View washa Hidden items.

Kuna kirusi cha kwetu wachoraji pia. Ukiona faili la acad.lsp, acad.fas au acad.vlx limejipachika kando ya michoro yako na hukuliweka wewe, lishuku. Matoleo ya kuanzia 2014 yana ulinzi uitwao SECURELOAD: kabla ya kupakia faili la namna hiyo kutoka mahali pasipoaminika hukuuliza kwanza. Likikuuliza na hujui ni la nini, kataa kulipakia. Wengi hubofya tu ili kisanduku kiondoke.

Nikimaliza kipindi nifanye nini kabla ya kutoka?

Ctrl na S. Funga mchoro. Nakili faili kwenye flashi na nakala nyingine jitumie kwa barua pepe, maana flashi hupotea na hufuliwa ikiwa mfukoni mwa suruali. Fungua ile nakala ya flashi uone kweli inafunguka, kisha uifunge. Toa flashi kwa utaratibu kupitia alama yake chini kulia. Toka kwenye akaunti yako ya Autodesk na ya barua pepe. Zima.

Na uichomoe hiyo flashi uondoke nayo. Droo yangu ina kumi na mbili zisizo na wenyewe, na mojawapo ina kiolezo kizuri kuliko changu.